Mpaka wa Picha: Nasaha kwa Watazamaji na Wanafunzi wa Uchoraji

Mtu atazamapo picha, macho yake aghalabu hukimbilia uso wa binadamu ikiwa umo, au mnyama, au rangi iliyokoza kuliko nyingine, na akisha kushiba kwa hayo huondoka akidhani ameiona picha yote, wala hakumbuki kuzitazama zile kingo nne zinazoitenga picha na ukuta, ingawa kingo hizo ndizo jambo la kwanza alilolikatia shauri mchoraji kabla hajachovya brashi. Nasaha yangu kwa kila apendaye kuufahamu uchoraji, na hasa kwa vijana wanaojifunza kazi hiyo, ni kuanza hapo. Ulizeni kwanza mpaka huu unafanya kazi gani: je, umevikusanya vitu vyote ndani vikatulia, au umevikata vikawa kama vinapita? Uwazi uliobaki umebaki kwa kusudi, ama hakuna uwazi hata wa kupitisha kidole? Kila mtindo wa uchoraji umeyajibu maswali hayo kwa namna yake, na mtu aliyezoea jibu moja huyaona majibu mengine yote kuwa ni makosa.

Dhuluma hiyo nimeisikia mara nyingi, tena katika vinywa vya watu wenye elimu. Picha ya Kiajemi husemwa kuwa haina umbali, kwa kuwa mtu aliye nyuma amechorwa juu ya yule aliye mbele badala ya kupunguzwa umbo. Picha ya Kijapani husemwa kuwa imekatika. Na picha ya Tingatinga husemwa kuwa ni kazi ya kitoto, kwa kuwa chui hana ardhi ya kukanyaga wala mbingu juu yake. Wasemao hivyo hawana nia mbaya, bali wamekabidhiwa mizani moja tu, iliyotengenezwa Italia katika karne ya 15, na hawakuambiwa kwamba ziko nyingine.

Mizani hiyo ya Italia yafaa ijulikane barabara, kwa sababu ni njema na kwa sababu imeenea. Mwaka 1435 mwanachuoni Leon Battista Alberti aliandika kitabu juu ya uchoraji, akaeleza kwamba achorapo huanza kwa kupiga umbo la pembe nne, akalihesabu kuwa ni dirisha lililo wazi ambalo kwalo hukitazama kile atakachokichora. Picha ikisha kuwa dirisha, mengi hufuata kwa lazima: mtazamaji husimama pahali pamoja, mistari ya nyumba na sakafu hukimbilia nukta moja, kilicho mbali hupungua kwa kadiri ya umbali wake, na jambo kubwa la habari huwekwa mbali na kingo ili lisiponyoke. Mfano ulio bayana ni Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, iliyochorwa Milan yapata mwaka 1495 hata 1498 katika ukuta wa chumba cha kulia cha watawa wa Santa Maria delle Grazie, yenye urefu wa kwenda juu kiasi cha mita 4.6 na upana wa mita 8.8. Wanafunzi kumi na wawili wamegawanywa makundi manne ya watu watatu watatu, mawili kila upande, na ncha zote mbili za meza zimo ndani ya picha. Apataye nakala yake na aweke rula juu ya mistari ya dari na ya mazulia yaliyotundikwa ukutani, aiendeleze kwa penseli nyembamba, naye ataona inakutana penye kichwa cha Yesu, karibu na panja la kulia, ambapo mafundi walioikarabati picha hiyo baadaye walikuta tundu dogo la msumari. Zoezi hilo la rula ni la dakika chache, lakini humfundisha mtu zaidi ya mihadhara mingi, kwa kuwa huona kwa mkono wake jinsi chumba kizima kilivyoamrishwa kumtazama mmoja.

Sasa twendeni Herat, mji uliomo leo katika nchi ya Afghanistan, ambako mwaka 1488, miaka michache tu kabla Leonardo hajaugusa ukuta ule, fundi Kamaluddin Behzad alichora kisa cha Yusuf na Zulekha katika nakala ya kitabu cha Bustani cha mshairi Saadi iliyoandikwa kwa ajili ya Sultani Husein Baikara, na ambayo imehifadhiwa Cairo katika maktaba ya Darul Kutub. Kisa chenyewe hakina haja ya kusimuliwa kwa msomaji wa pwani, maana aliyesoma Sura ya Yusuf akumbuka kwamba yule mwanamke aliifunga milango. Na mshairi Jami, aliyeishi Herat zama hizo, aliieleza kasri ya mwanamke huyo kuwa na vyumba saba, kila kimoja ndani ya kingine. Hebu fikirini taabu ya mchoraji. Lau Behzad angelitii sheria ya dirisha moja, angelituonyesha chumba kimoja na mlango mmoja, na hofu ya kufungiwa milango mingi ingelipotea. Kwa hiyo aliifunua kasri yote kwa pamoja: ukuta huu waonekana kwa mbele, sakafu ile yaonekana kwa juu, ngazi zinapanda kwa kupinda huku na huku, na mlango baada ya mlango umefungwa, hata jicho lifikapo juu upande wa kulia lamkuta Yusuf, amevaa kijani na kichwa chake kimezungukwa na mwale wa nuru, akijinasua, na Zulekha mwenye nguo nyekundu amemnyoshea mkono. Katika jumba lote lile hakuna binadamu mwingine. Nakshi zimejaa kila ukuta, walakini upweke wa watu wale wawili ni mkubwa kuliko ambao ungepatikana katika chumba kitupu.

Picha kama hiyo sharti isomwe kwa kutembea. Anzeni chini penye lango, mpande kwa macho ngazi kwa ngazi, msitafute mstari wa upeo ambapo bahari hukutana na mbingu, kwa maana haupo wala hautakiwi. Na mkikuta maandishi ndani ya picha msiyaruke mkidhani ni maelezo yaliyobandikwa, kwani kipande cha khati nacho kimepimwa nafasi yake kama mlango au dirisha. Jambo jingine la kuzingatia ni ule mstari wa jedwali unaoizunguka picha. Katika vitabu vya Kiajemi si nadra kilele cha mti, kuba au bendera kuuvuka mstari huo na kuingia katika pambizo, na mtu wa dirisha hudhani kalamu imeteleza. La hasha! Mchoraji alijua kwamba anachora ukurasa, si dirisha, na pambizo ni mali yake kadhalika.

Wachina wana jibu la tatu. Hati ya kukunjuliwa aliyoichora Zhang Zeduan katika karne ya 12, yenye kuonyesha maisha ya mtoni wakati wa siku ya Qingming, ina kimo cha sentimita 24.8 tu na urefu wa sentimita 528, na haikukusudiwa itazamwe yote kwa mara moja, bali ikunjuliwe kutoka kulia kwenda kushoto kwa kadiri ya mikono ya mtazamaji, huku sehemu iliyokwisha kuonwa ikikunjwa tena. Kingo za kulia na kushoto, basi, huzifanya mtazamaji mwenyewe. Akiipata kitabuni, ambako hubanwa ikawa utepe mwembamba usiosomeka, na achukue karatasi mbili nyeupe, afunike huku na huku, aache kipande cha upana wa mkono, kisha azisogeze taratibu. Atafika penye daraja la upinde ambapo jahazi la mtoni limekaribia kugonga, mabaharia wanauhangaikia mlingoti, na watu wamejazana darajani wakipiga makelele, naye atapata mshtuko uleule uliokusudiwa, kwa kuwa hakuliona kutoka mbali.

Ama mtindo unaowachanganya zaidi vijana wetu, na ambao umewaathiri vibaya wapiga picha wengi wasiojua asili yake, ni ule wa kukata. Mwaka 1857 Utagawa Hiroshige wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, alitoa picha ya bustani ya miti ya plamu ya Kameido, moja katika mfululizo wake wa mandhari mashuhuri za mji huo. Picha ni ya kusimama, na mbele kabisa, karibu hata mtu adhani ataligusa gome, limepita shina la mti mnene lisilo na mzizi wala kilele, maana vyote vimekatwa na mpaka. Matawi yanaingia na kutoka, na huko nyuma, katika nafasi zilizobaki kati ya matawi, ndipo waonekanapo watu wadogo wadogo nyuma ya ua wakitazama maua, chini ya mbingu nyekundu. Nawasihi mfanye jaribio hili: ufunikeni mti ule kwa kiganja. Hubaki bustani ya kawaida, nzuri lakini ya mbali. Ondoeni kiganja, na mara mmesimama ninyi wenyewe chini ya mti, mkichungulia. Mti haukukatwa kwa sababu karatasi haikutosha, bali ili mtazamaji atiwe ndani ya bustani badala ya kuachwa mlangoni.

Wachoraji wa Paris walipozipata picha hizo walizichunguza kwa bidii ya wanafunzi. Vincent van Gogh aliinakili bustani hiyo kwa rangi za mafuta mwaka 1887, akiwa amepiga mistari ya miraba ili asipotoe vipimo. Na Edgar Degas, aliyekuwa na picha za Kijapani katika hazina yake, alikuwa amekwisha kuchora mwaka 1875 uwanja wa Place de la Concorde, ambamo Bwana Lepic amepita na binti zake wawili na mbwa, wote wamekatwa na ukingo wa chini, kila mmoja akielekea upande wake, na mtu mwingine ukingoni kushoto amebaki nusu, huku katikati ya picha, pale ambapo Mwitalia angeliweka habari yake kuu, pana uwanja mtupu. Utupu ule ndio mji mkubwa wenyewe, ambamo watu hupishana bila ya kusalimiana.

Lakini nawapa hadhari. Kukata kuna adabu yake. Kitu kinachokatwa na kikatwe kwa ujasiri, theluthi yake au nusu yake, ili ijulikane kwamba ni shauri la mchoraji. Kinachogusa ukingo kwa ncha tu humtia mtazamaji mashaka, asijue kama kinaingia au kinatoka. Mwili wa binadamu usikatwe penye maungio, yaani kifundo cha mguu, goti au kifundo cha mkono, kwa maana huonekana kama umelemazwa. Ukatwe katikati ya paja au ya mkono, na jicho litaumalizia lenyewe.

Nikisha kusema hivyo, sharti niseme kinyume chake kwa ajili ya mtindo wetu wa Dar es Salaam, ambao ncha zake hugusa ukingo kwa haki kabisa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanganyika mwaka 1932, alianza kuchora yapata mwaka 1968 na kufariki 1972, na katika muda huo mfupi aliuthibitisha mpangilio ambao hakuuazima dirishani. Alichukua kipande cha hadibodi cha mraba, kiasi cha sentimita 60 kila upande, na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, akamweka mnyama mmoja au ndege mmoja akaujaza ubao. Tazameni mkia wa chui wake: haupindi kama mkia wa chui upindavyo porini, bali hupinda kwa kuutii ukingo, mgongo hupanda mpaka panapobaki uwazi mwembamba, na miguu hujipanga hata ikaweka mizani ya chini. Mnyama hasimami mahali popote, kwa kuwa ubao wenyewe ndio mahali pake. Mtazamaji asiulize ardhi iko wapi. Na atazame vile vipande vya rangi ya nyuma vilivyobaki kati ya mguu na mguu, na kati ya mkia na ukingo, ataona kwamba kila kimoja kina umbo lililofikiriwa sawasawa na mwili wa chui. Nashikilia kwamba huo ni ustadi mgumu kuliko wa kumpeleka mnyama mbali na kumzungushia majani, kwa maana katika picha yenye umbo moja hakuna pa kuficha kosa.

Wachoraji wa Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville wakati Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana yake ya uchoraji mwaka 1946, walishika njia ya kujaza. Katika kazi za Pilipili Mulongoy samaki, ndege na nyoka huelea katika uwanja uliotiwa nukta na vistari hata hakuna kipande kilichoachwa kilale. Mwenze Kibwanga alijenga maumbo na nyuma yake pia kwa mistari mifupi iliyopangwa. Na Bela alipaka kwa ncha za vidole. Hapo jicho halipewi kitovu, huzungushwa tu, na atafutaye kitovu atachoka bure.

Kwa mwanafunzi wa kuchora, maarifa hayo hayatamfaa kitu yakibaki kichwani. Chukua jalada la daftari lililokwisha, ulikate vipande viwili vyenye umbo la herufi L. Ukivipishanisha utapata tundu la pembe nne liwezalo kupanuliwa, kufinywa, kusimamishwa au kulazwa. Kaa nalo mahali penye jahazi, mathalani Forodhani kule Unguja, au penye chombo chochote kilicho karibu nawe, na uchore kwa penseli vichoro vitano visivyozidi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, bila ya kufuta. Katika cha kwanza jahazi liwe zima, lina maji kulia na kushoto, na upeo wa bahari uwe chini ya katikati. Katika cha pili panda juu kwa fikira: nahodha aonekane penye tezi, mzigo uonekane ngamani, wachukuzi waonekane ufukoni chini, na kila mmoja awe na kimo chake kamili. Cha tatu kiwe utepe mrefu unaoanzia sokoni, unaopita gatini, na kuishia bahari kuu. Katika cha nne simama chini ya mlingoti: mlingoti uikate karatasi toka juu hata chini, kamba ikate pembe, na mji wote, mdogo kabisa, uonekane chini ya foromali. Katika cha tano omo iguse ukingo mmoja na tezi iguse wa pili, na tanga lipinde kwa kuufuata ukingo wa juu, wala pasiwe na bahari ila rangi moja.

Vibandike vyote ukutani, uviache usiku mmoja, kisha uvitazame kutoka upande wa pili wa chumba. Kipi kizuri kuliko vyote si swali la wakati huo. Jiulize kila kimoja kimesema nini juu ya jahazi. Cha kwanza kimesema habari ya mahali pake baharini, cha pili habari ya kazi za watu, cha tatu habari ya safari, cha nne kimekufanya abiria, na cha tano kimelisifu jahazi lenyewe. Ukisha kujua ulilotaka kusema, utajua mpaka wa kuchagua, na hapo ndipo ununue turubai au ukate ubao, kwa maana wengi hununua turubai kwanza, kisha huilazimisha habari iingie katika vipimo vya duka. Kazi ikiendelea, igeuze juu chini mara kwa mara, au uitazame katika kioo, kama Leonardo alivyowausia wachoraji katika maandiko yake. Uzito uliolalia upande mmoja hujidhihirisha mara.

Yaliyobaki ni ya fundi fremu, na hapa nazungumza na wanunuzi pia. Ulimi wa fremu hula kiasi cha nusu sentimita kila upande. Kwa picha ya mandhari yenye nafasi nyingi pembeni hasara hiyo haionekani, lakini kwa mnyama wa Tingatinga ambaye mkia wake umebakisha upana wa uzi, nusu sentimita ni kuharibu mpangilio wote. Nimemwona ndege mzuri ukutani mwa nyumba moja, mdomo wake umezama chini ya ubao wa dhahabu kama aliyefungwa hatamu, na mwenye nyumba hajui kwa nini picha aliyoipenda dukani imepoteza haiba. Mwambie fundi aiweke picha ya namna hiyo juu ya ubao mpana kidogo, ili kingo zake zote zibaki wazi ndani ya fremu. Picha ya Kijapani au ukurasa wa Kiajemi upewe pambizo pana la karatasi nene, na pambizo la asili lisikatwe hata likiwa na madoa. Picha zilizopigwa chapa katika kalenda zisiaminiwe kabisa kwa habari ya kingo, kwani wapiga chapa huzipunguza zienee karatasi yao. Atakaye kujua Degas alikata wapi na atafute kitabu kinachotaja vipimo vya picha, apige hesabu ya urefu kwa upana, alinganishe.

Na sahihi ya mchoraji nayo ni umbo katika picha, si muhuri wa karani. Hiroshige aliiweka yake ndani ya kibao cha rangi kilichopimwa dhidi ya kibao cha jina la picha, na Tingatinga aliandika jina lake mbele, kwa herufi zinazosomeka, katika uwazi aliokwisha kuuacha. Kijana anayejifunza na aitafutie sahihi yake nafasi katika kile kichoro kidogo cha penseli, kabla ya kufungua mkebe wa rangi.